Zamu ya Trudi Kushika Kichwa

Trudi Dueck aliitoa mikate kwenye oveni, akaifunika kwa taulo ya jikoni, akaiweka kikapuni kando ya soseji za moshi na chupa ya matango ya siki. Ilikuwa ile mikate yetu ya donge dogo juu ya donge kubwa, kama mtoto aliyebebwa mgongoni, ambayo hapa bondeni huliwa Jumapili alasiri wakati hakuna mwenye njaa lakini wote wamekaa mezani. Mama yake aliioka vizuri kuliko mwanamke yeyote wa kanisa letu, na wanawake wa kanisa letu si watu wa kukubali jambo kama hilo kirahisi. Sasa mwokaji ni Trudi. Mlango wa oveni ulimuunguza juu kidogo ya kifundo cha mkono, pale pale unapomuunguza kila mara. Akapaka siagi, akavaa koti, akatoka.

Siku hiyo yeye na ndugu zake walikuwa wanakwenda kumwona mama.

Neta Dueck, mama yao, alifariki wakati wa baridi, na kiangazi kilichofuata akaonekana mtoni, chini kidogo ya daraja la Agassiz, akiwa stajoni. Stajoni ndiye samaki wa mto wetu wa Fraser. Ni mrefu kuliko mwanamume, mzito kama mtamba, hana magamba ya kawaida ila safu za vigae vya mfupa mgongoni na ubavuni, na chini ya pua ana ndevu nne za kupapasia matope. Kwa Neta, vigae vitatu vya ubavu wa kushoto vilikuwa vifungo vya buluu vya gauni lake la Jumapili, lile alilozikwa nalo, na ndivyo alivyotambulika. Watu walikwenda kumwuliza mchungaji. Mchungaji alizima mashine ya kukatia majani, akafikiri, akasema kwamba katika Biblia kuna mtu alishakaa ndani ya samaki, kwa hiyo mtu kuwa samaki mwenyewe si mbali sana na hapo. Akawasha mashine akaendelea. Jiwe la kaburini tuliliacha lilivyo kwa sababu lilikuwa limeshachongwa.

Familia ilikaa ikapiga kura, maana sisi hata mapazia ya kanisa tunayapigia kura. Wakakubaliana kwamba watamtembelea mama mara moja kwa mwaka, Septemba, wote pamoja, wakiwa na mwongozaji mwenye leseni. Hakuna atakayekwenda peke yake. Chambo kitakuwa ule mkate wake, kwa sababu mayai ya samoni huita samaki wote na mkate humwita yeye tu. Hoja hiyo ya mkate aliitoa Ervin, kaka mkubwa, ikapita bila pingamizi.

Sheria ya mto inasema stajoni hauawi, na mkubwa hatolewi majini kabisa. Akishavutwa, boti inasogezwa kwenye kisiwa cha mchanga, watu wanavaa suruali za mpira za kufika kifuani, wanashuka, wanajipanga mstari mmoja, wanamlaza kwenye mikono yao humo humo majini. Anapigwa picha, anapimwa, anaachwa aende. Katika familia ya Dueck anayeshika kichwa ndiye anayezungumza na mama. Wanaoshika tumbo na mkia husubiri kuambiwa. Zamu inakwenda kwa umri. Mwaka wa kwanza alishika Baba, wa pili Ervin, wa tatu Hilda, ambaye ameolewa Kelowna na huja kwa gari na mto wake wa kulalia. Mwaka huu ulikuwa wa Trudi.

Trudi alikuwa na swali lake. Mama alipolazwa, yeye ndiye aliyekaa naye hospitali, maana Ervin alikuwa na ng'ombe, Hilda alikuwa Kelowna, na Baba hapendi harufu za hospitali. Asubuhi ya mwisho Trudi alikumbuka unga aliouacha nyumbani ukiumuka. Akamwambia mama anakwenda mara moja kuoka, anarudi. Aliporudi na mikate ikiwa bado ya moto, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa. Muuguzi alimshika bega akamwambia, "Alikuwa anakuulizia. Alisema Trudi anakuja, amechelewa tu."

Maneno hayo Trudi alikuwa akiamka nayo na kulala nayo. Alitaka kumwuliza mama kama alikasirika. Hicho tu. Na miaka yote ile alikuwa amewekwa mkiani, ambako huambiwi kitu, unapigwa maji usoni tu.

*

Kurtis, mwongozaji, aliwasubiri kwenye gati la kushushia boti, chini ya miti ya mipopla. Ni kijana wa Chilliwack, ana meno mazuri na boti ya alumini, na huwaita wazee wote mzee hata wale wasiopenda. Alimpa Baba mkono, akamsaidia kuingia.

Ervin hakusaidiwa. Aliruka ndani, akachukua chupa ya chai ya Kurtis kutoka ilikokuwa, akajimiminia, akakaa kiti cha mbele. Tangu auze ng'ombe wake amekuwa mtu wa kukaa kwenye viti vya watu. Trudi alikaa nyuma na kikapu magotini.

"Leo ni wewe," Baba alimwambia. "Usimlilie. Ervin zamu yake alilia mpaka akasahau kuuliza ufunguo wa stoo uko wapi, na mpaka leo naingilia dirishani."

"Sikulia," Ervin alisema. "Yalikuwa maji ya mto."

"Maji ya mto siku hizi yana kamasi?"

Hilda akacheka. Hata Trudi alicheka. Mto ulikuwa wa rangi ya kahawa yenye maziwa, kama unavyokuwa siku zote, na Mlima Cheam ulikuwa umevua mawingu mpaka mabegani. Ng'ambo, treni ya mizigo ilikuwa inapita, na ilipita muda mrefu.

Walipofika pale chini ya daraja, Ervin alitupa nanga kabla ya kuambiwa. Kurtis alitia mkono kwenye kikapu cha Trudi, akachukua mkate, akatenganisha donge dogo na kubwa, akalifunga dogo kwenye ndoana kwa uzi wa mpira mwekundu, haraka, huku anamweleza Hilda habari za barabara ya Kelowna. Mwaka uliopita mkate ulikuwa ukimponyoka kila mara na akawa anatukana chini chini, halafu anamwomba Baba radhi. Trudi aliiona mikono ile inavyokwenda yenyewe. Akajisemea moyoni, kijana amejifunza.

Miaka iliyopita walikuwa wakingoja mpaka soseji zinaisha. Safari hii Hilda hajafungua hata chupa ya matango, ncha ya fimbo ya kuvulia ikainama, ikainuka, ikainama tena, polepole, kwa adabu, jinsi Neta alivyokuwa akibisha kwenye mlango wa mtu.

"Ndiye," alisema Ervin.

Trudi alishika fimbo. Alijikaza, akakanyaga vizuri, maana mwaka wa Hilda walipokezana fimbo wote na Baba akapata kichomi. Lakini hakukuwa na kazi. Mama alikuja taratibu, moja kwa moja, kama ng'ombe anayejua saa ya kukamuliwa.

"Amezeeka," Trudi alisema.

Ervin alikuwa anaangalia treni, na treni ilikuwa imeshapita.

*

Kwenye mchanga walivaa suruali za mpira. Baba, kwa ajili ya kichomi chake, alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na maji, kofia magotini. Hilda alishika mkia, Ervin tumbo, na Trudi akaingia mpaka kiunoni akapitisha mikono chini ya kichwa cha mama yake. Kilikuwa kizito na baridi. Kilinuka matope na, kwa mbali, wanga wa kupigia pasi.

Ndoana za mto wetu kisheria hazina kijino. Zinaacha tundu dogo, na tundu linaziba. Mdomo wa stajoni uko chini, laini, hauna meno. Mdomo wa mama ulikuwa umetobolewa pande zote. Matundu mengine yalikuwa yamefunga, mengine yalikuwa mekundu, na kwenye pembe ya kushoto nyama ilikuwa imechanika ikaning'inia. Ulikuwa kama kitambaa cha meza kilichodariziwa halafu mtu akazifumua nyuzi zote.

Kabla Trudi hajasema neno, mama alijigeuza. Aliuleta ubavu wa kushoto, wenye vifungo, kuelekea pale Kurtis aliposimama na kamera, akatulia.

"Picha kwanza?" mama aliuliza. "Au mnataka kushika kwanza? Karibuni, karibuni. Mmetoka mbali?"

Miaka yote mama alikuwa na swali moja. Alimwuliza Baba, akamwuliza Ervin, akamwuliza Hilda, kabla ya salamu: mmekula? Trudi alikuwa amejiandaa kulijibu hilo.

"Amesema nini?" Hilda aliuliza kutoka mkiani. "Amesema mmekula?"

"Amesema karibuni," Trudi alijibu.

Kurtis alishusha kamera, akaanza kufuta kioo chake kwa shati.

"Juzi walikuja watu wa Texas," mama aliendelea. "Watu wazuri sana. Wana kofia kubwa. Mama mmoja alinibusu. Na nyinyi je? Mikono yenu baridi, masikini. Hamjapewa glavu?"

"Mama," Trudi alisema. "Ni mimi."

"Ndiyo, ndiyo. Karibu mama."

Trudi aliinamisha uso, akasogeza mikono chini ya pua ya mama, na zile ndevu nne zikampapasa vidole, zikapanda kwenye kiganja, zikafika kwenye kifundo, pale penye lengelenge la oveni. Hapo zikasimama. Zikalizunguka lile lengelenge mara mbili tatu.

"Trudi?"

"Abee, mama."

"Leo ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Mwanangu," mama alisema, na sauti ilibadilika, ikawa ile ya jikoni. "Kila nikinusa mkate wako napanda. Napanda, nakuta watu wengine. Nawasalimia, nitafanyaje, wageni hawana kosa. Lakini nasema moyoni, Trudi anakuja, amechelewa tu."

Swali ambalo Trudi alilibeba tangu hospitali lilikuwa mdomoni kwake, na likajibiwa kabla ya kuulizwa, na jibu lilikuwa baya kuliko hasira. Ilimuuma mpaka kwenye meno. Mama hakukasirika. Mama alikuwa bado anamngoja.

"Mkate wangu?" aliuliza. "Umejuaje ni wangu?"

"Nani mwingine anaweka chumvi kidogo namna ile? Nimekuambia maisha yangu yote."

Hapo ndipo Trudi alipoinua macho akamtazama kaka yake.

Kila Jumamosi, tangu mwaka uliopita, Ervin alikuwa akija mlango wa nyuma na bakuli kubwa la plastiki la buluu. Trudi analijaza. Ni ya wazee wa kanisani, Ervin alisema siku ya kwanza, wapate kitu laini baada ya ibada. Trudi aliongeza unga, akaanza kuamka mapema zaidi. Hakuuliza kitu. Hapa kwetu mkate ukishatajwa kanisa hauulizwi ulikokwenda. Mtu angeuliza hivyo tungemwona ana matatizo.

"Ervin," Trudi alisema. "Wazee wa kanisani wanakula nini Jumapili?"

"Siyo sasa, Trudi. Maji ya baridi haya."

"Wanakula nini?"

"Biskuti," alisema Hilda. "Za dukani."

Trudi akamgeukia. Hilda aliutazama mkia.

"Wewe uko Kelowna. Umejuaje?"

"Aliniambia Pasaka. Mimi nilidhani na wewe ameshakuambia."

"Nilikuwa natafuta nafasi," alisema Ervin.

"Tangu mwaka jana unakuja jikoni kwangu kila Jumamosi, unakunywa kahawa yangu, na nafasi hukuiona?"

Ervin alihama mguu majini. Tumbo la mama lilikuwa limemlalia kifuani. "Kurtis alikuwa anafunga biashara," alisema. "Samaki wakubwa hawaonekani siku hizi. Watu wanatoka huko kote wanarudi na hadithi tupu. Mimi nikampa mkate wa kuwavulia wateja. Mara moja tu, nilisema. Halafu yule mteja akafurahi, akawaambia wenzake. Trudi, wanamshika vizuri. Nawasimamia mimi mwenyewe. Hakuna anayemwangusha."

"Tulipiga kura."

"Nilikuwepo."

"Hoja ilikuwa yako."

"Najua ilikuwa yangu." Aliangalia ng'ambo ya mto. "Nimeuza ng'ombe, Trudi. Naamka alfajiri nasimama kwenye zizi tupu. Hapa angalau namwona mama kila siku."

"Na huwa unashika kichwa?"

"Kichwa wanashika wateja. Ndicho walichokuja kushika."

"Kwa hiyo unazungumza naye lini?"

Ervin alisogeza mikono chini ya tumbo la mama. "Mimi huwa napiga picha," alisema.

Mama alikuwa ametulia mikononi mwao, anapumua kwa mashavu, kama alivyokuwa akitulia zamani watu wazima walipogombana mezani kwake. Trudi alitazama nchi kavu.

"Baba, na wewe ulijua?"

Baba aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena. "Mama yenu alipenda wageni," alisema. "Nyumba ile ilikosa watu lini? Nilikuwa narudi kutoka kukamua nakuta meza imejaa watu nisiowajua, mpaka kiti changu kimekaliwa. Yeye anazunguka na birika. Hakulalamika hata siku moja."

"Ulimwuliza?"

"Hakulalamika," Baba alisema.

Kurtis alikohoa. Alisema samahani sana, ila muda wa kumshika samaki una mwisho wake na yeye ana leseni ya kulinda. Alisema kwa heshima. Hata Trudi alikubali kwamba alisema kwa heshima.

Trudi aliinama mpaka kidevu chake kikagusa maji. "Mama, nisikilize. Usipande tena. Ukinusa mkate, kaa huko huko chini. Hata ukiwa wangu."

"Na ukiwa ni wewe umekuja?"

"Hata nikiwa ni mimi."

"Haya," mama alisema, ile haya aliyokuwa akimpa mtu ambaye hana nia ya kumtii. Ndevu zake ziliupita ule mkono ulioungua mara moja tena. "Lakini mmekula?"

"Tumekula," Trudi alisema, na hawakuwa wamekula.

Walifungua mikono. Mama alikaa kidogo pale pale, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni, halafu akapiga mkia akazama, na maji ya kahawa yakafunga juu yake. Hilda alilowa mpaka nywele.

Soseji walizila kwenye boti, wakirudi, kwa sababu zilikuwepo. Baba alisema zimekolea moshi vizuri. Gatini kulikuwa na wateja wa mchana, mume na mke wa Calgary, wamevaa majaketi mapya, wanapiga picha mipopla. Mwanamke alimfuata Trudi alipokuwa anavua suruali ya mpira.

"Samahani dada. Ni kweli kwamba anaongea?"

"Anaongea," Trudi alisema.

"Anasema nini?"

"Anakaribisha."

Mwanamke akashika kifua kwa furaha, akamwita mumewe. Ervin alikuwa bado botini. Hakushuka. Alikuwa anawapangia glavu.

Nyumbani Trudi aliimwaga mikate iliyobaki kwa kuku.

*

Jumamosi iliyofuata Ervin alikuja mlango wa nyuma na bakuli la buluu. Oveni ilikuwa baridi. Trudi alikuwa amekaa mezani na gazeti la juzi.

"Leo hakuna," alisema.

"Sawa," alisema Ervin, akasimama, akaangalia meza, akaangalia birika. "Sawa, Trudi." Akaondoka na bakuli lake.

Jumamosi nyingine hakuja.

Kanisani habari zilifika, maana huku hakuna kisichofika. Tulizizungumza kidogo baada ya ibada, kwenye meza ya biskuti. Wengine walisema Ervin kakosea, wengine walisema tangu auze ng'ombe hayuko sawa, na mmoja, mwanamke ambaye kwa miaka mingi alishindana na Neta kwa mikate na hakumfikia, alisema kwamba hata hivyo ni jambo zuri watu wa mbali kuja kuona. Tukafikiri tumpelekee Trudi keki ya mabua ya rubabu. Halafu tukaona ni mambo ya kifamilia, tusiingilie. Mchungaji aliombea familia zote bila kutaja jina. Tuliona imetosha. Sisi ni watu wapole sana, na upole wetu mara nyingi unaishia hapo.

Trudi hakuja ibadani mwezi ule. Aling'oa karoti zake, akaosha mapazia. Saa ya mikate alikuwa anatoka kwenda kutembea kando ya mashamba ya buluberi, ambayo majani yake wakati huo wa mwaka ni mekundu, ili asiwe jikoni. Kidogo kidogo alianza kulala vizuri. Alijiambia kwamba mama yuko chini, kwenye matope yake, kimya, hasumbuliwi na mtu. Alijiambia kwamba angalau hilo moja amelifanya kwa wakati.

Alikutana na Kurtis kwenye duka la chakula cha mifugo. Trudi alikuwa ananunua punje za kuku. Kurtis alimbebea mfuko mpaka kwenye gari, hakuombwa.

"Nilitaka nikuombe radhi," alisema. "Kweli kabisa. Ningejua hujui, nisingekubali."

"Asante," Trudi alisema. "Sasa mnavua nini?"

"Yeye yule yule."

Trudi aliuweka mkono juu ya mfuko wa punje.

"Ervin hununua mikate ya dukani," Kurtis alisema. "Ile ya mviringo ya kawaida. Nilimwambia hatakuja kwa huo. Basi anakuja haraka kuliko zamani. Nanga haijashika chini, yuko kwenye ndoana. Haumezi hata, anaushika tu kwa ile midomo. Akifika juu haulizi tena watu wametoka wapi. Anauliza kila anayemshika kichwa, mnamjua Trudi? Anaumwa? Mbona mkate si wake?" Alifunga mlango wa nyuma wa gari taratibu. "Wateja inawagusa sana. Wengine wanalia."

"Na mnamjibu nini?"

Kurtis alivua miwani yake ya jua. Macho yake yalikuwa ya mtoto mzuri, amelelewa vizuri, mama yake tunamfahamu. "Ervin huwaambia cha kumjibu," alisema. "Wanamwambia amechelewa tu."

Trudi aliendesha gari mpaka nyumbani. Aliwapa kuku punje. Aliingia ndani akakaa bila kuvua koti, na kama kuna mtu angempitia jioni ile angemkuta bado amekaa hivyo. Hakuna aliyempitia.

Jumamosi aliamka mapema akaumua unga. Aliongeza maziwa na siagi kuliko kawaida, na akaitoa mikate kabla haijawa na ganda, ili iwe laini kwa mdomo uliochanika. Chumvi aliiacha kidogo, kama siku zote, ajue ni yake. Oveni ilimuunguza pale pale. Kisha akampigia simu kaka yake, akasema neno moja, "Ipo," akakata.

Ervin alikuja mlango wa nyuma na bakuli la buluu. Trudi alipanga mikate safu kwa safu, akaweka taulo safi juu, akambonyezea kifuniko mpaka kikalia. Ervin alipokea kwa mikono miwili. Alisimama kizingitini, mvua nyuma yake, akitafuta la kusema, na likamtoka lile alilolizoea.

"Wazee watafurahi," alisema.

"Wasalimie," alisema Trudi, akafunga mlango.